Bawa la Senene Kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Ipo siku moja ambayo miaka haijanifutia, mwanangu. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, na senene walikuwa wameanguka kijijini kwetu kwa wingi ambao hata wazee walisema hawajauona muda mrefu. Nilikuwa nimekaa uani juu ya mkeka, miguu nimeinyoosha, ungo mbele yangu, nachambua: mabawa huku, miguu kule, senene kwenye sufuria. Akaja mtu na karatasi. Nikaandika jina langu juu yake, nikarudi kwenye ungo wangu. Shughuli yote haikuzidi muda wa kuchambua senene watatu, nami nimeifikiria kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chenu. Hongera sana. Wapo watakaokucheka, wakuambie umekwenda kukaa kwenye benchi na kusikiliza habari za mbuzi. Ni kweli, habari za mbuzi utazisikia. Benchi hilo nimelikalia mpaka ubao wake umenijua, na ninapotazama nyuma moyo wangu umejaa shukrani tu. Lakini nilianza vibaya, na ningependa wewe usianze hivyo.

Kwanza unijue mimi ni nani. Nilizaliwa katika kibanja hiki, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, ninachoishi hadi leo, upande wa Muleba, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama alimfuata nikiwa la sita, naye tukamzika kando ya baba, hapo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Nilibaki na Projesti, na Adela, na Novati ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shule niliiacha wiki ileile. Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi ilifika tu, nikaona nikienda mimi shuleni hakuna wa kumpikia Novati uji.

Baada ya matanga niliitwa ofisi ya kijiji. Nilikuta wajumbe wamekaa, baba yangu mdogo yupo pia, na mimi nikawekewa kiti mbele yao kama mtu mzima. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, unaweza kuwalea wenzako katika kibanja hiki?" Nikasema, "Naweza." Nilikuwa na miaka kumi na tano na sikujua naahidi nini. Wakaandika kwamba kibanja kitabaki mikononi mwetu sisi watoto, mimi nikiwa mwangalizi, na baba mdogo atakuwa mshauri wetu. Wakapiga muhuri. Nikarudi nyumbani nikapika ndizi.

Kila tulichokuwa nacho kilitoka katika maneno yale machache. Migomba ilitulisha, kahawa iliyokuwa chini yake ikatuvisha, na wadogo zangu wote watatu walimaliza shule. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuja kutusaidia kupogoa migomba miaka mingi, Mungu amrehemu. Kwa nini wajumbe waliniita na kunisikiliza, sikuuliza. Nilidhani ndivyo serikali inavyofanya kazi, kama vile jua linavyochomoza bila kuombwa.

Nilipofika miaka thelathini na kidogo, watu wa kitongoji chetu wakanichagua mjumbe. Walisema, "Aliyelea watoto wa mama yake bila kumpoteza hata mmoja hatashindwa kutulea sisi." Nilijisikia mkubwa. Nilinunua daftari na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu, ingawa hiyo nyekundu sikujua ni ya nini.

Kazi yenyewe utaiona. Mtu anataka barua ya utambulisho apate kitambulisho. Mvuvi amehama kutoka visiwani, anataka aandikwe katika daftari la wakazi. Chemchemi imejaa tope, nani atasimamia usafi? Mbuzi wa fulani wamekula maharage ya fulani, na fulani mwenyewe anasema mbuzi wake wana adabu. Tulikuwa tukiitwa saa tatu asubuhi, na mkutano ukianza saa tano tulijisifu. Mwenyekiti wetu, Ta Evodi, alikuwa mtu wa watu. Kwetu mwanamume mtu mzima tunamwita Ta, na mwanamke Ma, na tukimjibu mkubwa kwa heshima tunasema waitu. Ta Evodi ndiye aliyesimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa Novati, na mimi nilimheshimu kama mzazi.

Sasa palikuwa na tabia moja iliyotuingia polepole. Wajumbe wasipofika wa kutosha, akidi haitimii, na akidi isipotimia hakuna kikao. Lakini muhtasari ulitakiwa kupelekwa kata kila wakati wake. Basi karatasi ya mahudhurio ikawa inatembea. Ilikufuata nyumbani, shambani, hata kwenye foleni ya kuuza kahawa. Unaandika jina, mambo yanakwenda. Hatukuona ubaya. Tulisema tunaokoa muda.

Asubuhi ile ya senene aliyekuja na karatasi alikuwa mtendaji wetu, Bwana Masanja, kijana Msukuma aliyekuwa hajatimiza mwaka kwetu. Alisimamisha baiskeli yake kwenye mgomba, akatazama ungo wangu kwa woga.

"Mama, hawa wadudu mnawala kweli?"

"Kaa nikukaangie."

"Asante, mama, nimeshiba." Alisogea nyuma hatua moja. "Nimefika ofisini niko peke yangu. Nikampigia mwenyekiti, anasema yuko kwenye senene. Kila mjumbe yuko kwenye senene. Kata wanataka muhtasari. Nisainie tu hapa."

"Agenda zipi?"

"Za kawaida tu. Usafi wa chemchemi, mbuzi wanaozurura, na mengineyo."

"Hao mbuzi andika kwa herufi kubwa," nikamwambia. Tukacheka. Nikafuta vidole kwenye kanga, havikufutika vizuri maana senene wana mafuta, nikaandika jina langu. Akakunja karatasi, akapanda baiskeli. Hicho ndicho kilichotokea, mwanangu, wala hakuna kingine.

Wiki mbili zilipita, kisha akaja Ma Spesiosa.

Huyu mama alikuwa mjane. Mume wake alipofariki bila wao kujaliwa mtoto, ukoo wa mume ulichukua kibanja, naye akarudi kwa kaka yake aliyempa kijumba pembeni na migomba mitatu. Udongo uliokuwa wake kweli ulikuwa rweya, ule uwanda wa nyasi ulio juu ya kijiji ambao si wa mtu mmoja. Pale ndipo wanawake wa kwetu hulima njugu mawe. Mwanamke anachagua kipande, anageuza nyasi, anapanda, na hakuna anayemuuliza mume wake ni nani. Ma Spesiosa alikuwa na kipande kizuri kuliko wote, na alikilima mpaka mikono yake ikafanana na mpini. Mwaka ule upepo ulipoiangusha migomba yetu, miaka miwili baada ya mama kufariki, ni yeye aliyetuletea njugu za kuchemsha kwenye kikapu, siku baada ya siku, mpaka migomba ikazaa tena. Hakusema neno. Alikuwa anaweka kikapu mlangoni na kuondoka.

Siku hiyo alikuja mikono mitupu.

"Mwanangu," akasema, "huko juu kuna vigingi. Vimepita katikati ya njugu zangu. Nimemkuta kijana anachimba mashimo, anasema ni ya kupanda miti ya mipaina, eneo limetolewa na kijiji kwa bwana mmoja wa Bukoba mjini, wa Hamugembe huko. Wewe ni mjumbe wangu. Niambie ni nani aliyetoa."

"Haiwezekani," nikamjibu. "Tungejua."

Nikavaa viatu nikaenda ofisini kwa hasira, nimejiandaa kuwafokea. Bwana Masanja akafungua faili bila wasiwasi wowote. Muhtasari ulikuwa pale umechapwa vizuri. Agenda ya kwanza, chemchemi. Ya pili, mbuzi, kwa herufi kubwa kama nilivyotania. Ya tatu, mengineyo: wajumbe wamepokea na kukubali maombi ya eneo la rweya kwa ajili ya kupanda miti. Nyuma yake imebandikwa karatasi ya mahudhurio. Na katika mstari wa nne, jina langu, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita.

"Nani aliandika hii ya tatu?" nikauliza.

"Mwenyekiti alinipa maombi siku ileile, akasema niyaweke kwenye mengineyo. Mama, si mlisaini?"

Nilitoka. Ma Spesiosa alikuwa ananisubiri njiani, amekaa kwenye ngazi ya duka. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa langu kubwa kuliko la kusaini. Aliponiuliza, "Umempata?" nikamjibu, "Bado wanaangalia, Ma." Akaniamini. Akanishukuru kwa kumhangaikia. Nilitembea kwenda nyumbani na ile asante yake mgongoni, nzito kuliko mkungu wa ndizi.

Siku mbili sikulala vizuri wala sikumwambia mtu. Siku ya tatu, mapema, akaja Ta Bejumula.

Ta Bejumula alikuwa mjumbe wa zamani kuliko sisi wote, mzee mrefu, mkimya, mwenye kawaida ya kusikiliza akiwa amefumba macho mpaka wageni wakadhani amelala. Nikamkaribisha. Nikaingia ndani nikatoa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama tunavyompokea mgeni kwetu. Aliviangalia vile vikahawa, akaweka mikono nyuma.

"Leo kahawa yako siitafuni," akasema.

Mwanangu, kama wewe si wa kwetu huenda hili hulielewi. Kukataa kahawa ya mtu ni kumwambia kwamba kuna jambo limelala kati yenu. Mzee yule hakuwahi kuikataa kahawa yangu hata nilipokuwa msichana wa kuungaunga, nikiikaanga mpaka inaungua.

"Nimekosa nini, waitu?"

"Nilikuwa Kemondo kwa binti yangu, mwezi mzima. Nimerudi nasikia tumekaa kikao cha kugawa rweya. Nikaenda kusoma. Jina langu halipo, lako lipo. Kwa hiyo nimekuja kwako uliyekuwepo unisimulie. Kikao kilianza saa ngapi?"

Nikaanza kupanga kahawa kikapuni, moja moja.

"Nani alifungua kwa sala? Hayo ya rweya, nani aliyaleta na nani aliyapinga?"

"Sijui, waitu."

"Hujui. Lakini umekubali." Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameomba apewe nakala ya muhtasari, lakini karatasi ya mahudhurio alikuwa amemwomba mtendaji amwazime ile yenyewe, na hakuna aliyeweza kumkatalia mzee yule. Akanionyesha kwa kidole. Pembeni ya jina langu palikuwa na doa la mafuta, na ndani ya doa, limegandamana na wino, bawa dogo la senene. "Nimekaa ofisi ile miaka mingi," akasema. "Sijawahi kuona senene wakichambuliwa mezani kwa mwenyekiti."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Unakumbuka ulipoitwa ofisini mama yako alipofariki?"

"Nakumbuka."

"Unajua kwa nini uliitwa?"

"Si ndio utaratibu?"

"Utaratibu!" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Utaratibu ulinifuata shambani, napalilia maharage, umebebwa mkononi namna hii. Karatasi ilikuwa imezunguka nyumba zote. Imeandikwa kwamba wajumbe wamekubali kibanja cha marehemu kishikwe na baba yako mdogo, na watoto wagawanywe kwa ndugu. Wewe uende Kishanda kwa shangazi yako, Projesti kwa mjomba, wale wawili wadogo Bukoba kwa watu ambao hata hamkuwafahamu. Lilibaki jina langu tu ili idadi itimie. Nikauliza, 'Mtoto mkubwa amesema nini?' Wakaniambia, 'Ta, tangu lini mtoto akaulizwa?' Nikasema mimi sijakaa kikao chochote, mikono yangu ina udongo. Nikaacha jembe palepale nikaenda nao ofisini. Ndipo ukaitwa."

Nilitazama nje. Adela alikuwa amekuja kunitembelea na mtoto wake wa kwanza, wanaanika nguo na kucheka. Nikawaza nyumba hii bila sauti ile. Nikamwaza Novati, aliyekuwa mgongoni kwangu, akikua huko mjini asijue kaburi la mama yake liko wapi. Kumbe kati ya sisi na hayo palikuwa na mzee mmoja aliyekataa kuandika jina.

"Nifanye nini, waitu?"

"Mkutano mkuu wa kijiji ni Alhamisi. Ardhi haitolewi bila mkutano mkuu, na wanajua, ndiyo maana wataipitisha haraka kama taarifa. Sitakusemea. Jina ni lako." Akaondoka. Kikapu cha kahawa kilibaki mezani kimejaa.

Jumatano Ta Evodi alinijia nyumbani mwenyewe. Hakutisha, hakufoka. Alikaa akamuulizia Novati, akamsifia. Kisha akasema, "Mwanangu, nasikia Bejumula amekuchanganya. Yule bwana wa mjini atawapa vijana wetu kazi ya kupanda miti. Nilifanya kwa nia njema. Usituaibishe mbele ya watu. Wewe sema ulikuwepo, mengine niachie mimi." Na nilijua ananipenda kweli, mwanangu. Mtu mbaya ningemkatalia mara moja. Huyu alikuwa mtu mwema ambaye alishazoea njia ya mkato, na alitaka nimshike mkono tuipite pamoja.

Alhamisi ilinyesha, mkutano ukahamishwa kutoka uwanjani ukaingia shuleni, darasa la sita. Lilelile. Watu walijaa hadi madirishani. Nilikaa kwenye dawati, magoti hayaingii, mbele yangu ubao uleule ambao niliuacha kabla ya kufundishwa hesabu za desimali. Ma Spesiosa alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, kanga ameitandaza miguuni.

Bwana Masanja akasoma taarifa ya halmashauri kwa sauti ya kukimbia. Chemchemi. Mbuzi, watu wakacheka. Rweya.

"Kuna masahihisho?" Ta Evodi akauliza. "Hayapo. Tuendelee."

"Yapo," nikasema.

Nilisimama. Dawati likanivuta sketi, nusura nianguke. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Haya, mjumbe amekwama shuleni tena!" Wakacheka. Mwingine akaongeza, "La saba hakumaliza, anataka kusahihisha muhtasari?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikamtazama Ta Bejumula. Alikuwa amefumba macho. Nikajua kweli hatanisemea.

"Ni kweli la saba sikumaliza," nikasema. "Lakini jina langu najua kuliandika, na nililiandika kwenye karatasi ile. Mwandiko ni wangu. Siku ile sikukaa kikao chochote. Nilikuwa uani kwangu nachambua senene. Habari za rweya sikuzisikia, sikuzijadili, wala sikuzikubali."

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akanguruma, "Kwa hiyo umesaini uongo?"

"Nimesaini uongo, waitu. Na Ma Spesiosa aliponiuliza, nikamficha. Naomba anisamehe mbele yenu."

Nilitegemea kelele. Badala yake nilisikia sauti ya Ma Spesiosa kutoka mlangoni, tulivu kabisa. "Mwacheni asimame vizuri. Kumbe aliyetoa shamba langu ni mtoto niliyemlisha njugu za shamba hilohilo. Basi na arudishe yeye mwenyewe."

Maneno yale yalinichoma kuliko yote, na ndiyo yaliyonitia nguvu. Nikasema, "Naomba kikao kile kifutwe, kwa sababu hakikufanyika. Wajumbe wenzangu wanajua."

Mvua iliendelea kupiga juu ya bati. Kisha mjumbe wa kitongoji cha chini, mwanamume mnene mpenda utani, akasimama taratibu. "Na mimi," akasema. "Nilikuwa nakaanga." Akasimama wa tatu. "Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nafungua mitego." Watu wakaanza kucheka tena, lakini kicheko cha sasa kilikuwa kingine, cha watu wanaopumua. Wakasimama mmoja mmoja, karibu wote walioandikwa.

Ta Evodi aliwatazama. Akavua kofia, akaiweka mezani. "Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye senene," akasema. "Hakukuwa na kikao. Nimewakosea." Ningependa ulikumbuke hilo pia, mwanangu. Mtu aliyekosa mbele ya watu akakubali mbele ya watu anastahili heshima, nasi tulimpa. Alimaliza muda wake wa uongozi na akazikwa kwa machozi ya kweli.

Bwana Masanja alipiga mstari juu ya ule muhtasari, akaandika chini yake: kikao hakikufanyika. Vigingi viling'olewa kesho yake na wanawake, wakavitumia kuchemshia njugu. Yule bwana wa Hamugembe hakuwa na makosa. Alikuwa ameambiwa mambo yameisha. Alirudi baadaye, akasimama mwenyewe kwenye mkutano akaomba, tukambishia nusu siku, akapewa mteremko wa mawe ambako njugu haimei. Mipaina yake iko pale hadi leo, inapendeza. Na Bwana Masanja, kabla ya kuhamishwa, alijifunza kula senene hadi akawa anatuharibia hesabu ya sufuria.

Mimi nilimwendea Ta Bejumula jioni ya Alhamisi ile kumwambia najiuzulu. Sikumkuta kwake. Nilimkuta kwangu, ameketi mlangoni.

"Nilikuja kwako kujiuzulu," nikasema.

"Kwa nani? Mimi si serikali." Akanitazama. "Ni nani sasa anayejua ubaya wa karatasi inayotembea kuliko wewe? Tukikutoa, tutamweka ambaye bado hajaumia. Kaa."

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Sikuelewa mara moja. Akautikisa kidogo kama mtoto anayeomba. Nikakimbia ndani nikaleta kikapu, nikamimina kahawa kiganjani pake, akatafuna ya kwanza taratibu, amefumba macho.

"Umeikaanga vizuri siku hizi," akasema.

Ma Spesiosa hakuja siku ile, wala wiki ile. Sikumlaumu. Njugu zilipokomaa, nilifungua mlango asubuhi moja nikakuta kikapu kizingitini. Alikiweka hapo kila msimu hadi alipofariki, na kipande chake sasa kinalimwa na mjane mwingine.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, wala si ndefu. Kazi za serikali ya kijiji ni ndogo ndogo, na kwa sababu ni ndogo mkono unazizoea na kichwa kinasinzia. Lakini katika kila karatasi unayoletewa kuna mtu ambaye hayupo chumbani. Huenda ni mjane mwenye kipande cha njugu. Huenda ni mtoto wa miaka kumi na tano anayepika uji na hajui kwamba leo anaamuliwa. Kabla ya kuandika jina, uliza huyo amesema nini. Kama hujakaa, usiseme umekaa. Agenda ya mwisho, ile ya mengineyo, isikilize kuliko ya kwanza. Na ukiwa umeshakosa, kama mimi, usimwambie mtu kwamba bado wanaangalia. Sema ni mimi, tena mapema, watu wakiwepo.

Mimi tangu siku ile sisaini ninapoingia. Nasaini mkutano unapofungwa, baada ya sala, na wenzangu wakanizoea, kisha wakaniiga. Nenda ofisini kwetu leo utaona karatasi ya mahudhurio inakaa juu ya meza tupu hadi neno la mwisho liwe limesemwa.

Mungu aliyetuhifadhi sisi wanne katika kibanja cha baba yetu akuhifadhi nawe. Akupe uvumilivu wa kukaa kwenye benchi gumu hadi mwisho, na ujasiri wa kusimama hata dawati likikuvuta sketi. Jina lako liwe zito mkononi mwako na jepesi midomoni mwa watu. Na siku utakapopita mlangoni kwangu, kikapu cha kahawa kiko palepale. Nyoosha mkono tu.